Je, Ni Haki Kuwaonyesha Wafu?



Katika miji mingi ya Ulaya iko nyumba ambamo vitu vya Misri ya kale vimewekwa vitazamwe na watu wote. Humo mna sanamu za mawe, mapambo ya dhahabu, vyungu, maandiko. Na tena humo mna watu. Ndiyo, watu: wanaume, wanawake na watoto waliokufa zamani sana, waliokaushwa kwa dawa na kuviringishwa katika kitani, nao wamelala nyuma ya kioo. Wageni hulipa mlangoni, huingia, hutazama, hutoka, huenda kula. Ni wachache wanaojiuliza kama jambo hilo ni haki au si haki. Sisi nasi hatukujiuliza, mpaka mama mmoja mzee alipotuambia neno dogo ambalo hatujalisahau. Leo twataka kulifikiri neno lile pamoja nanyi.

Asubuhi na alasiri ya siku moja

Tulikuwa Turin, mji wa Italia ya kaskazini. Tulikwenda huko kama mahujaji, kwani mji ule ni mji wa Mtakatifu Yoane Bosco. Wana wake, Wasalesiani, walifika katika nchi yetu ya Katanga mwaka 1911, wakaanza shule katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya sasa. Wengi katika kundi letu walijifunza kusoma au useremala mikononi mwao.

Asubuhi tuliingia basilika ya Bikira Maria Msaada wa Wakristu, pale Valdocco. Humo, ndani ya sanduku la kioo, yamewekwa masalio ya Don Bosco. Alikufa tarehe 31 Januari 1888, akazikwa Valsalice. Na mwaka 1929, alipotangazwa kuwa Mwenye Heri, wakamtoa kule, wakamleta basilikani. Tulipiga magoti mbele yake. Wengine walilia. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Alasiri tukaenda kwa miguu mpaka nyumba ya makumbusho ya vitu vya Misri. Nyumba ile ilianzishwa mwaka 1824. Mfalme Carlo Felice alinunua vitu zaidi ya 5,000 vilivyokusanywa na Bernardino Drovetti, aliyekuwa konsuli wa Ufaransa katika Misri. Mwaka ule ule akaja Champollion, Mfaransa yule aliyekuwa amegundua mwaka 1822 namna ya kusoma maandiko ya Wamisri, akakaa siku nyingi akisoma karatasi za mafunjo zilizokuwa zimenyamaza miaka elfu na zaidi. Kwa hiyo nyumba hii si ya jana. Mwaka 2024 ilitimiza miaka 200.

Tulitembea katika vyumba vikubwa. Tulimwona Ramses wa Pili, amechongwa katika jiwe jeusi, ameketi kitini kwa utulivu kama mfalme aliyekwisha kusikiliza mashauri yote. Tulishangaa sana ufundi wa mikono ile. Mwisho tukafika kwenye chumba cha Kha na mkewe Merit. Pale mlangoni mama mmoja mzee wa kundi letu alisimama, akasema kwa sauti ndogo: « Hodi. »

Tulicheka kidogo. Naye hakucheka. Aliingia polepole, akitazama chini, kama mtu anayeingia nyumba ya matanga. Kijana mmoja wetu akakaribia kioo, akanyosha kidole, akauliza: « Hii ni nini? » Mama akamgeukia, akamwambia: « Mwanangu, usiseme hii ni nini. Uliza: huyu ni nani? »

Neno lilikuwa hilo tu. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akanyamaza. Lakini sisi tulitoka pale tukibishana njiani, na usiku, baada ya sala, tukaendelea kubishana.

Huyu ni nani?

Tuanze na swali la mama, kwani kabla ya kushauri juu ya mtu, yafaa kumjua.

Kha alikuwa kapita. Kazi yake ilikuwa kuongoza mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme wa Misri katika bonde kavu la milimani, ng'ambo ya mto Nili. Kijiji cha mafundi hao kilikuwa mahali waitapo sasa Deir el-Medina. Aliishi yapata miaka 1,400 kabla ya Kristu, akawatumikia wafalme watatu wakifuatana. Mfalme mmoja wao alimpa kipimo cha mkono kilichofunikwa dhahabu, ndio ufito wa kupimia majengo. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtu wa kazi.

Kaburi lake lilifunguliwa mwezi wa Februari mwaka 1906 na Mwitalia Ernesto Schiaparelli, aliyekuwa mkubwa wa makumbusho ya Turin. Makaburi ya wafalme aliowajengea Kha yalikuwa yamevunjwa na wezi tangu zamani, na dhahabu yao imeibwa. Lakini kaburi la kapita lilikuwa zima. Mlango wa ubao ulikuwa bado umefungwa. Ndani mlikuwa na vitu zaidi ya 400: vitanda na mashuka yake, viti, masanduku ya nguo, mikate, vitunguu saumu, nyama iliyotiwa chumvi, mitungi ya divai, mchezo wa bao wa Wamisri, na sanduku lenye nywele za bandia za Merit pamoja na vyombo vyake vya mapambo. Ilikuwa nyumba nzima ya watu wawili iliyohamishwa chini ya ardhi.

Jambo moja lilituingia moyoni kuliko yote. Merit alikufa kwanza, naye alikuwa bado kijana. Jeneza lake lilikuwa halijatengenezwa. Akalazwa katika jeneza lililokuwa limewekwa tayari kwa ajili ya mumewe. Ni kubwa mno kwake, na jina lililoandikwa juu yake ni la Kha. Hayo twaweza kuyaona hata leo kwa macho yetu. Ndugu, mtu asiyejua hata herufi moja ya Wamisri ataelewa habari hii. Mwanamume alifiwa na mke wake ghafula, hakuwa na jeneza, akatoa lake.

Tena katika nyumba ile ile iko karatasi inayoeleza habari za mafundi wa kijiji kile cha Kha, zaidi ya miaka 200 baada yake, katika mwaka wa 29 wa mfalme Ramses wa Tatu. Posho yao ya nafaka ilichelewa. Wakaacha kazi, wakatoka nje ya kuta, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu moja, wakasema wana njaa, na ya kuwa hawatarudi mpaka mfalme apate habari. Sisi tutokao mji wa migodi twajua maana ya mshahara unaochelewa na watoto wanaongoja nyumbani. Tuliposimuliwa karatasi ile tuliona kana kwamba watu wale ni majirani zetu.

Basi, hao ndio walioko nyuma ya kioo. Sasa tuulize: ni haki wawe pale?

Maneno ya wanaokataa

Wale wa kundi letu waliokataa walileta sababu tatu.

Kwanza, walisema kwamba mwenye kaburi hakutoa ruhusa. Kha alifunga mlango wake. Alitaka kulala na mkewe mahali pamoja, chini ya mlima wa kwao, si katika mji wa baridi ng'ambo ya bahari. Mtu aliye hai akifunga mlango wake twabisha hodi. Asipoitika twaenda zetu. Kwa nini aliyekufa tusimwendee vivyo hivyo?

Pili, walisema kwamba wafu hao hawana mtu wa kuwatetea. Ukifukua kaburi la jana, ndugu zake watakuja na fimbo. Ukifukua la miaka 3,400 hakuna atakayelia. Lakini mtu akikosa mtetezi, je, dhambi ya kumwonea yapungua? Maandiko Matakatifu yafundisha kinyume: yatima na mjane na mgeni ndio Mungu awatazamao zaidi. Na nani ni yatima kuliko mfu ambaye ukoo wake wote umesahauliwa?

Tatu, walisema kwamba atazamaye huharibika moyo. Wakaleta ushuhuda wa mambo ya kweli. Zamani katika Ulaya maiti za Misri zilisagwa zikawa unga, nao unga ukauzwa kwa wauza dawa, watu wakaunywa. Wapaka rangi nao waliutumia kutengeneza rangi ya kahawia. Katika karne ya kumi na tisa, huko London, watu walinunua tikiti ili kutazama maiti akifunguliwa vitambaa vyake mbele ya baraza, kama watu waendao kwenye mchezo. Watu wale hawakuwa majambazi. Wengine walikuwa mabwana wenye elimu. Walizoea tu kusema « hii » mahali pa kusema « huyu ». Maovu mengi makubwa yalianza kwa neno dogo la namna hiyo.

Maneno ya wanaokubali

Wengine wakajibu, nao hawakujibu vibaya.

Walisema: Tazameni faida. Kama Kha angalibaki gizani, nani angalijua kwamba Mwafrika wa miaka ile alipima jiwe kwa ufundi kama huo, na kwamba alimpenda mke wake? Watoto wa shule waingiao pale hutoka wakijua kwamba watu wa kale hawakuwa wajinga. Hiyo si faida ndogo.

Walisema tena: Wamisri wenyewe walitaka kukumbukwa. Na hilo ni kweli. Katika makaburi yao mengi waliandika maombi kwa watu wapitao njiani: mpita njia asimame, ataje jina la marehemu, amwombee mkate na pombe na mambo yote mema, kwani kutaja ni pumzi ya kinywa tu, haigharimu kitu. Waliamini kwamba mtu ambaye jina lake latajwa hajapotea kabisa.

Wakaongeza: Wamisri wa leo nao wanawaonyesha wafalme wao. Rais Anwar Sadat, kabla ya kifo chake mwaka 1981, aliona si vizuri wafalme watazamwe hivyo, akaamuru chumba chao katika Kairo kifungwe. Kikafunguliwa tena mwaka 1994. Na tarehe 3 Aprili 2021 wafalme 18 na malkia 4 walipitishwa barabarani usiku kwa heshima kubwa, kila mmoja katika gari lake lenye jina lake, wakahamishiwa makumbusho mapya. Raisi wa nchi alisimama kuwapokea, na mizinga ikapigwa. Basi wenyewe wameruhusu. Sisi tu nani tukatae?

Mwisho wakatoa neno lililotunyamazisha wote. « Na ninyi, asubuhi mlipiga magoti mbele ya nini? Si mbele ya mfu nyuma ya kioo? Asubuhi mlisema ni vema, alasiri mwasema ni vibaya. Kioo ni kile kile. »

Tofauti iko wapi?

Usiku ule hatukupata jibu. Baadaye, tulipokwisha rudi kwetu, tulifikiri zaidi, na sasa twaona ya kuwa neno lile la mwisho, lililotaka kutushinda, ndilo lililotufungulia njia. Kwani ni kweli kwamba kosa haliko katika kioo. Wala haliko katika kutazama. Mtu hutazama uso wa baba yake kabla ya jeneza kufungwa, na huko ni kumpenda. Kosa, kama lipo, sharti tulitafute mahali pengine. Sisi twaona alama tatu.

Alama ya kwanza: nani alimweka pale, na kwa nia gani? Waliomweka Don Bosco ndani ya kioo ni wana wake, waliokula mkate wake. Hawakumchukua kwa nguvu kutoka kwa watu wengine.

Alama ya pili: je, ana jina na habari zake? Pale Valdocco hakuna aingiaye bila kujua ni nani amelala pale, alizaliwa wapi, aliwapenda nani.

Alama ya tatu: aingiaye anakuja kufanya nini? Mbele ya mtakatifu mtu huja kuomba, kushukuru, kutubu. Hutoka akiwa na deni. Aliyekuja kushangaa tu hutoka kama alivyoingia, tena labda na moyo mgumu zaidi.

Mpimeni sasa Kha kwa alama hizo. Kwa ile ya kwanza, mizani yakaa katikati. Schiaparelli hakuwa mwizi. Alichimba kwa ruhusa ya serikali. Lakini Misri ya mwaka 1906 ilikuwa chini ya Waingereza, na idara ya vitu vya kale ilikuwa mikononi mwa Wafaransa. Kwa hiyo mgeni alimwomba mgeni ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mwenyeji. Walakini bwana yule alifanya jambo moja la kusifiwa: hakuwafungua Kha na Merit vitambaa vyao. Wakati ule wataalamu wengine walikuwa wakifungua na kukata, naye aliwaacha kama walivyolazwa. Na walipotaka kujua zaidi, walitumia picha za radiografi kama zile za hospitali, wakaona mkufu wa dhahabu shingoni mwa Kha, nao hawakuutoa. Mkufu wake angali nao.

Kwa alama ya pili hakuna shaka: majina yao yametajwa, kazi yao imeelezwa, mume na mke hawakutenganishwa. Na alama ya tatu haiko mikononi mwa makumbusho. Iko mikononi mwetu sisi tuingiao.

Labda mtu atasema: « Mwajisumbua bure. Mtu wa miaka 3,400 si mtu tena, ni kitu cha kale. » Hapa twakataa kwa nguvu. Miaka huondoa waliao. Haimwondoi yule anayeliliwa. Kwa Mungu hakuna mfu wa kale na mfu wa jana. Sanamu na hekalu vyaweza kutolewa zawadi. Hata katika nyumba ile ya Turin tuliona hekalu zima dogo la Ellesiya, lililochongwa katika mwamba wa Nubia, ambalo Misri iliwapa Waitalia kwa shukrani, kwa sababu walisaidia kuokoa majengo ya kale yasifunikwe na maji ya lambo la Aswan. Zawadi ile ni safi, na twaifurahia. Lakini mtu hawezi kutolewa zawadi na mtu mwenzake, awe hai, awe amekufa. Anaweza tu kupokelewa kama mgeni.

Kichwa cha Lusinga

Ndugu msomaji, labda waona kwamba mambo haya ni ya mbali. Basi sikiliza jambo la kwetu.

Karibu na ziwa Tanganyika, upande wetu wa magharibi, kati ya Watabwa, palikuwa na mtemi aliyeitwa Lusinga. Hakuwa mtu mpole. Alishambulia vijiji na kuuza watumwa, na watu wengi walimwogopa. Lutenanti Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga boma la Mpala mwaka 1883, aligombana naye. Mwezi wa Desemba mwaka 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Mwaka uliofuata Mpala ikakabidhiwa Mapadri Weupe, wakaanza misioni. Lakini kichwa cha Lusinga kilikwenda Ulaya pamoja na mizigo ya Storms. Kikapimwa na wataalamu, kikaandikwa katika vitabu vyao, kikawekwa miaka na miaka katika makumbusho ya Brussels na Tervuren, kama vile watu wawekavyo mafuvu ya wanyama.

Mpimeni huyu naye kwa alama zetu. Nani alimweka? Aliyemwua. Kwa nia gani? Kwanza aonekane ameshinda, halafu apimwe kama mfano wa kabila. Je, jina lake lilijulikana? Lilijulikana, na hilo lazidisha kosa, kwani walimjua na hata hivyo wakamfanya kitu. Je, ukoo wake umekwisha? Haukwisha. Watu wa ukoo wake wangali wako.

Hapo hakuna kubishana tena. Mtu wa namna hiyo sharti arudishwe kwao azikwe. Wala tusiseme kwamba alikuwa mwuza watumwa. Kama kaburi lingekuwa mshahara wa watu wema peke yao, ni wangapi wetu wangezikwa? Tobiti alizika maiti zilizotupwa nje ya kuta, hakuuliza kwanza kila mmoja aliishi namna gani. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na huruma haipimwi kwa mastahili.

Nchi yetu imekwisha kujua uzito wa jambo hili. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliirudishia jamaa ya Patrice Lumumba jino lake moja, ndilo peke yake lililobaki katika mwili wa mtu aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Lilikuwa jino moja tu, lakini lilitiwa katika jeneza, likazungushwa nchini, na watu wakasimama kandokando ya barabara. Hakuna aliyesema « hili ni jino ». Wote walisema « amerudi ».

Sasa twauliza: kama jino moja la mtu wetu laweza kuisimamisha nchi, kwa nini mwili mzima wa mtu wa Misri usitusimamishe hata dakika moja? Wazee walisema: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Tukidai heshima kwa ajili ya wafu wetu, na mbele ya wafu wa wengine tukacheka na kupiga picha, basi hatudai haki, twadai upendeleo.

Mashauri yetu

Kwa hiyo, jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Kuwaonyesha wafu si dhambi kwa kila hali, wala si halali kwa kila hali. Yule aliyechukuliwa kwa mkuki, na watu wake wapo, arudishwe. Yule ambaye watu wake wamekwisha, na akawekwa kwa adabu, pamoja na jina lake, anaweza kukaa. Lakini akae kama mgeni, si kama mali. Na nchi alikotoka ikimtaka, isikilizwe kama ndugu wa marehemu wanavyosikilizwa.

Nasi tuingiao tuna wajibu wetu. Tusiukimbize mguu. Tusipige kelele wala tusipige picha mbele ya uso wa maiti. Tusome jina lake na kulitaja. Alitaka hivyo, na pumzi ya kinywa haigharimu kitu. Mkristu na amwombee. Eklezia katika Misa haiwasahau wafu ambao imani yao haikujulikana ila na Mungu. Kha hakumjua Kristu. Lakini Wamisri waliamini kwamba baada ya kufa moyo wa mtu utapimwa katika mizani, na ya kwamba yampasa aweze kusema kuwa hakuua, hakumliza mtu, hakupunguza kipimo cha nafaka. Sisi tuliofundishwa zaidi, je, tutaweza kuyasema hayo?

Tena tukumbuke ya kuwa Yozefu, mwana wa Yakobo, alikaushwa na kutiwa katika sanduku kule Misri, kama Kha. Lakini kabla ya kufa aliwaapisha ndugu zake kwamba watakapotoka wataichukua mifupa yake. Nao siku walipotoka, kwa haraka kubwa, Farao akiwa nyuma yao, Musa hakuisahau mifupa ile. Taifa zima lilitembea jangwani likibeba mfu mmoja, kwa sababu aliomba na aliahidiwa.

Katika lugha yetu nyumba ile yaitwa makumbusho. Maana yake ni mahali pa kukumbuka. Basi, aingiaye na akumbuke. Asiyekumbuka amepita tu katika ghala la vitu vizuri.

Yule mama mzee tulimwuliza siku nyingine kwa nini alisema « Hodi » mlangoni, na hali alijua kwamba hakuna wa kumwitikia. Akatujibu: « Hodi si kwa ajili ya kuitikiwa tu. Ni kwa ajili yangu mimi, nikumbuke kwamba naingia kwa mtu. »

Hatuna la kuongeza.